Mkono Uchumao Asumini

Katika pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Unguja, asumini huchumwa jioni ingali vitumba. Usiku ndipo hufunguka na kumwaga harufu yake, kwa hiyo anayetaka kuitia kwenye kikuba pamoja na mrehani, au kutunga koja la bibi harusi, sharti aliwahi jua kabla halijatua. Wengi huihesabu kazi hiyo kuwa ya urembo. Ni ya uganga pia, kwa sababu mchumaji ndiye anayeupitia mwasumini tawi kwa tawi, kila siku, uso wake ukiwa karibu na majani. Hakuna bwana shamba apataye nafasi hiyo.

Mchumaji aliyefunzwa hulifunua jani na kulitazama chini, maana huko ndiko maradhi mengi huanzia. Madoa ya kahawia yanayotanuka msimu wa mvua ni kazi ya kuvu. Vipele vya manjano kwenye majani yaliyovimba na kupinda ni kutu. Unga mweupe ni ubwiri unga. Masizi meusi ndiyo humpoteza asiyejua: huyafuta, akadhani amemaliza. Kumbe chanzo chake ni vidukari, inzi weupe na vidung'ata, wanaofyonza utomvu na kutoa majimaji matamu ambayo kuvu jeusi huota juu yake. Msururu wa sisimizi shinani ni dalili tosha, kwani hufuata utamu huo na kuwalinda wanaoutoa. Basi fundi hafuti masizi tu. Hunyunyizia maji yenye sabuni kidogo na mafuta ya mwarobaini chini ya majani, jioni baada ya kuchuma, akarudia baada ya siku chache.

Umahiri hasa huonekana majani yanapogeuka manjano. Yakianza majani ya chini, yaliyokomaa, mara nyingi mti una njaa ya naitrojeni. Samadi iliyooza itausaidia. Yakianza machanga, huku mishipa yake ikibaki kijani, kilichopungua huwa ni madini ya chuma. Hili hutokea sana kwenye ardhi ya matumbawe na kando ya kuta za chokaa, ambako chuma huweza kuwamo udongoni na mizizi isiweze kukipata. Mboji husaidia, au kuuhamishia mti kwenye chungu chenye udongo usio na chokaa. Lakini mti ukinyauka ilhali udongo umelowa, shika mkono wako usiongeze maji: huenda mizizi inaoza. Fukua kidogo shinani. Ukiona nyuzi nyeupe na vipunje vya kahawia kama mbegu za haradali, kuvu limekwisha kuula mti. Ung'oe, uuchome moto, wala usipande mwingine mahali hapo.

Yote haya huzuilika kwa adabu ndogondogo. Mwasumini upandwe penye jua na upepo, udongo usiotuamisha maji. Umwagiliwe asubuhi, maji yaende shinani, majani yabaki makavu. Upogolewe maua yakiisha, kwa kisu kilichofutwa spiriti, na majani yaliyoanguka yasiachwe chini yake. Kipandikizi kitoke kwenye mti mzima wa afya, kwa sababu mti mgonjwa huurithisha mche ugonjwa wake.

Dawa za viwandani, kama zile za shaba au salfa, zina nafasi yake maradhi yanapozidi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Hata hivyo asumini huvaliwa nywelani na kutandazwa kitandani. Sumu inayopigwa juu ya vitumba mchana huenda ikalala na watu usiku. Ndiyo maana nawasifu wazee wetu wa kike wanaoutibu mti mapema kwa macho na vidole, kabla haujahitaji sumu.

Wewe mwenye mwasumini uani, usingoje harusi ndipo uusogelee. Chuma kila jioni, hata kama ni vitumba vichache, na ufunue majani unapochuma. Na mtoto akikufuata, mpe kikapu akishike, kisha mwoneshe upande wa chini wa jani.