Anza na Miguu: Mwongozo wa Kutambua Kuba ya Mawe Iliyojengwa Vizuri

Wageni wengi wanaofika Kilwa Kisiwani huinua uso, wakaisifu kuba, wakapiga picha na kuondoka. Uzuri wanauona, ila ubora wa kazi unawapita. Kuba ya mawe, na hata paa refu la tao, hukaguliwa kuanzia chini. Kupandisha mawe juu haikuwa kazi kubwa kwa fundi. Kazi ilikuwa kuyazuia yasiisukume nyumba nje.

Nyumba nyingi za mawe za pwani yetu ziliezekwa kwa boriti za mikoko zilizolazwa juu ya kuta, kisha zikafunikwa kwa mawe na chokaa. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, na ndiyo maana vyumba vingi vya kale havizidi upana wa mita 3 hivi. Boriti hukandamiza ukuta kwenda chini, basi. Tao lina tabia nyingine: uzito wake hushuka kwa mshazari, na miguu yake saa zote hutaka kutanuka. Fundi wa kuba unampima kwa namna alivyoujibu msukumo huo.

Kwanza: uzito unatua wapi?

Msikiti Mkuu wa Kilwa unafundisha somo hili waziwazi. Mwanzoni mwa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta Kilwa mwaka 1331, msikiti wa zamani uliongezewa ukumbi mkubwa upande wa kusini, ulioezekwa kwa kuba na matao. Nguzo zake zilichongwa kila moja kwa jiwe moja la tumbawe. Nguzo ya namna hiyo huvutia, maana ni nyembamba na haina kiungo. Lakini ukumbi ule haukudumu. Kumbukumbu za kale za Kilwa, zilizoandikwa kwa Kiarabu, zinasimulia kwamba msikiti ulianguka, ikabaki kuba ambamo sultani alikuwa akiswali. Karne iliyofuata, zama za Sultani Sulaiman bin Muhammad, ukumbi ulijengwa upya juu ya nguzo za pembe nane za mawe yaliyoungwa kwa chokaa. Ndizo tunazoziona leo. Hazina madaha ya zile za jiwe moja, na bado mimi nazipa heshima kubwa zaidi, kwa sababu zimebeba.

Ukiwa ndani ya ukumbi wa kuba nyingi, kumbuka kwamba kila kuba inamsukuma jirani yake. Misukumo miwili ikikutana juu ya nguzo, hupunguzana nguvu, na nguzo hubaki na mzigo wa kwenda chini. Ila kuba za pembeni hazina jirani upande wa nje. Kwa hiyo toka, uzunguke jengo, uangalie unene wa kuta. Kuta zikiwa nyembamba na hakuna nguzo za kuegemea kwa nje, uliza ni nini kinachoshikilia. Kumbuka pia kwamba katika mpango huu kuba moja ikianguka, ya pili yake imepoteza egemeo.

Pili: umbo la tao

Hapa unahitaji cheni nyembamba tu. Ishike ncha zote mbili, uiache ining'inie. Umbo lake, likigeuzwa juu chini, ndilo umbo la tao linaloweza kujibeba. Robert Hooke alilitangaza wazo hilo Uingereza mwaka 1675. Katika miaka ya 1740 Giovanni Poleni alilitumia kuikagua kuba ya Mtakatifu Petro huko Roma, iliyokuwa imepata nyufa. Alitundika kwenye uzi vizito vilivyolingana na uzito wa kila sehemu ya kuba, akakuta mstari unabaki ndani ya unene wa mawe. Kuba ilikuwa na nyufa, lakini haikuwa ikianguka.

Magofu yana faida kwa zoezi hili, kwa sababu tao lililokatika linakuonyesha unene wake. Lipige picha ukiwa umelikabili sawasawa, igeuze picha juu chini, kisha ning'iniza cheni mbele yake. Cheni ikibaki ndani ya mawe kutoka mguu hadi mguu, fundi alilijua umbo. Ikitoka nje ya mawe, angalia mabega ya tao: mara nyingi utakuta mawe na chokaa vilivyojazwa pale kwa makusudi ili kuyakandamiza. Zingatia vilevile kwamba tao lenye ncha husukuma kidogo kuliko la nusu duara lenye upana huohuo.

Tatu: pembe

Chumba ni mraba, kuba ni duara, na pembe nne zinazobaki ndizo zinazomfichua fundi mvivu. Nenda kwenye Msikiti Mdogo wa Kuba, wa karne ya 15, wenye paa la sehemu 9. Ndio uliohifadhika vizuri kuliko majengo mengi ya kisiwani. Simama chini ya kuba, ufuate kwa macho safari ya kutoka ukuta hadi duara. Kazi nzuri hupanda kwa hatua zinazoeleweka, na pembe zote nne hufanana. Ukikuta pembe moja imesukumwa ndani zaidi ya nyingine, au chokaa nene imepakwa kuficha tofauti, ujue vipimo vilipotea njiani.

Nne: jiwe na chokaa

Sogea karibu mahali plasta ilipobanduka. Tumbawe lililokatwa baharini huwa laini likiwa bichi, hivyo huchongeka kirahisi, kisha hukauka na kuwa gumu. Tena ni jepesi, na hiyo ni neema kwa paa. Tazama kama chokaa imeingia kwenye vitundu vyake na kulishika jiwe pande zote. Ndani ya chokaa utaona chembe nyeupe ambazo hazikuchanganyika, na pengine punje za mkaa zilizotoka kwenye tanuri. Hizo si kasoro. Kasoro ni mawe yaliyolala ovyo: katika tao zuri, mawe husimama kwa ubavu yakielekea kitovu cha duara, hata kama hayakuchongwa.

Chokaa hukomaa polepole kwa kunyonya hewa ya ukaa. Fundi aliyeondoa kiunzi cha mbao mapema aliona utosi wa tao ukishuka. Laza jicho pembeni mwa tao. Utosi uliobonyea ni alama ya haraka hiyo, au ya miguu iliyotanuka baadaye.

Tano: nyufa na matengenezo

Ufa si hukumu. Ufa ulio wazi chini ya utosi wa tao unasema miguu imesogea. Kinachotakiwa kujulikana ni kama bado inasogea. Katika kuba, nyufa hupanda kutoka ukingoni kuelekea juu, na kuba inaweza kuishi nazo karne nyingi. Ninachokiogopa zaidi ni mzizi wa mti na maji ya mvua yaliyotuama mabegani.

Ninaogopa pia saruji. Ni ngumu kuliko tumbawe na huzuia unyevu kutoka, kwa hiyo unyevu na chumvi hupita kwenye jiwe, na jiwe ndilo linalomong'onyoka. Kiraka kizuri ni cha chokaa, dhaifu kidogo kuliko jiwe linalokizunguka, ili siku ya kuharibika kiharibike chenyewe na kibadilishwe. Ukikuta kando ya kiraka cha kijivu jiwe limeliwa na kiraka kimebaki kimetokeza, mweleze mhifadhi wa eneo, na mwambie kwamba tiba yake ni chokaa na fundi anayeijua.