Heko kwa Wanaredio wa Ridhaa

Kimbunga Maria kilipoipiga Puerto Rico mwaka 2017, umeme ulikatika na simu zikakosa mtandao. Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani liliomba waendeshaji 50 wa redio za ridhaa, nao wakajitolea kusaidia kupeleka habari za manusura kwa jamaa zao.

Mtambo wenyewe ni mdogo: redio ya wati 100, betri ya gari na waya wa shaba wa antena.

Kwa masafa ya megahezi 14, waya huo, wa mita 10 hivi, hukatwa katikati, huunganishwa na kebo na kutundikwa juu. Mwendeshaji hupima mawimbi yanayorudi, hupunguza ncha kidogokidogo, kisha husikiliza kama masafa yako wazi ndipo aite. Tabaka la ayonosfia, juu angani, hurudisha mawimbi ardhini, maelfu ya kilomita mbali.

Waendeshaji hawa hawalipwi hata senti. Wanastahili pongezi, na vijana wenye kiu ya ufundi watafute leseni wajiunge nao.