Sheldon Brown, Fundi Asiyeficha Ufundi

Kota pini ni kipande kidogo cha chuma, urefu wake haufiki kidole cha kati, na upande mmoja kimechongwa bapa mfano wa kabari. Kazi yake ni kuibana kranki kwenye ekseli, ili mguu ukikanyaga pedali, vyote vizunguke pamoja. Aliyewahi kumiliki baiskeli nyeusi ya breki za vyuma, iwe Raleigh, Phoenix au Hero, anaijua vizuri. Ikilegea, pedali inachezacheza kila mguu unapofika juu, inagonga chini ya mwenye baiskeli mpaka anaamua kushuka na kumtafuta fundi. Wengi tumesimama pembeni tukiangalia inavyotolewa: nati inafunguliwa, nyundo inainuliwa, paa, paa, paa. Pini haitoki. Inapinda. Nyundo kubwa zaidi inaitwa.

Kule West Newton, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, alikuwepo mtu aliyelieleza jambo hili taratibu, hatua kwa hatua. Kifaa sahihi ni jeki ndogo inayoisukuma pini bila kishindo, lakini si kila mtu anayo, na nyundo yenyewe si kosa. Kosa ni kupiga huku kranki ikielea hewani. Hapo pigo linapita kwenye kranki, linaingia kwenye ekseli na kuishia kwenye gololi, nazo zinachimba vishimo katika njia zake. Pini itatoka, ndiyo, lakini utakuwa umeiharibu baiskeli mahali usipopaona. Basi tafuta kipande cha bomba la chuma, kisimamishe sakafuni kiishike kranki kwa chini, tundu la bomba likielekea mahali pini itakapotokea. Sasa piga. Pigo litashuka mpaka sakafuni na gololi zitabaki salama. Wakati wa kurudisha pini mpya, zile mbili ziingie kwa pande zinazopingana, la sivyo pedali hazitakaa kwenye mstari mmoja. Nati isitumiwe kuivuta pini, maana kazi ya nati ni kuizuia isirudi. Ukishaendesha kidogo, rudi uikaze tena.

Mtu huyo aliitwa Sheldon Brown. Alifariki Februari 2008 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na umri wa miaka 63.

Wakati alipokuwa akiandika haya, baiskeli mpya za Marekani zilikuwa zimeachana na kota pini zamani. Mafundi wengi wangemwambia mteja atupe na anunue nyingine. Yeye aliona kwamba mahali fulani yupo mtu aliyeachiwa baiskeli ya Kiingereza na babu yake, na mtu huyo anastahili jibu kamili sawa na mwenye baiskeli ya mashindano. Hakukosea. Dunia ilikuwa imejaa kota pini, na kwetu Afrika Mashariki ndizo zilizobeba mkaa, maziwa, ndizi, matanki ya maji na abiria wa bodaboda za kwanza kule mpakani Busia.

Alizaliwa tarehe 14 Julai 1944, akakulia Marblehead, mji wa pwani kaskazini ya Boston. Maisha yake yalikuwa ya karakana na kaunta ya vipuri, na jina lake limefungamana na duka la Harris Cyclery, ambako alifanya kazi mpaka mwisho. Duka halikuwa lake, ila sifa ya duka ilikuwa yake. Alikuwa na ndevu nyingi, na juu ya kofia yake ya baiskeli alipachika sanamu ya tai, kiasi kwamba hata mgeni angemtambua kwa mbali. Miaka ya 1990, intaneti ilipoanza kuingia majumbani, alianza kuweka hadharani kila alichojua: kamusi ya maneno ya baiskeli, majedwali ya vipimo, maelezo ya kufunga na kufungua. Hakuomba malipo ya kusoma. Na mtu akimwandikia swali, alijibu mwenyewe. Waendesha baiskeli wakawa na msemo wao kwamba, kama kawaida, Sheldon ana jibu.

Majibu yake yalitofautiana na ya wengi kwa jambo moja. Hakumwambia mtu afanye nini bila kumwambia kwa nini. Chukua suala la tairi. Ukienda dukani ukaomba tairi ya 26, muuzaji anakupa tairi ya 26, unafika nyumbani inagoma kuingia kwenye rimu, au inaingia na kuruka nje ukipiga pampu. Unarudi na hasira ukidhani umeuziwa tairi mbovu. Sheldon alieleza kuwa mdanganyifu ni ile namba yenyewe. Zamani namba ya inchi ilitaja kwa makisio kipenyo cha nje cha tairi iliyojaa upepo. Tairi nene ilihitaji rimu ndogo ili nje ifike inchi 26, na tairi nyembamba ilihitaji rimu kubwa. Rimu zikawa tofauti, jina likabaki moja. Ndiyo maana tairi iliyoandikwa 26 x 1.75 inakaa kwenye rimu ya milimita 559, na iliyoandikwa 26 x 1¾ inakaa kwenye rimu ya milimita 571. Mwanafunzi wa hesabu atakuambia 1.75 na 1¾ ni kitu kimoja, na kwa hesabu yuko sahihi. Kwa tairi hayuko. Sheldon aliligeuza hili kuwa kanuni na kuipa jina lake: saizi mbili zikilingana kwa hesabu lakini moja imeandikwa kwa desimali na nyingine kwa sehemu, usizibadilishane.

Kisha alionyesha njia ya kutokea. Ubavuni mwa tairi yapo maandishi mengine madogo, mfano 37-622. Ya kwanza ni upana wa tairi na ya pili ni kipenyo cha rimu mahali tairi inapokalia, vyote kwa milimita. Namba hii ya pili haidanganyi. Ukiishika, utagundua kwamba tairi za 700C na tairi za 29 za baiskeli za milimani hukaa kwenye rimu za kipenyo kimoja, 622. Utagundua pia kwamba ile 28 x 1½ ya baiskeli zetu nyeusi ni 635, maana yake rimu ya 28 ni kubwa kuliko rimu ya 29. Nilipolisoma jedwali lake kwa mara ya kwanza nilitoka nje nikainama kwenye tairi ya baiskeli iliyokuwa ukutani. Nilifuta vumbi kwa kidole, na namba ilikuwepo, ilikuwepo miaka yote.

Lakini pale subira yake inapoonekana zaidi ni kwenye kufuma gurudumu. Kazi hii mafundi wengi huifanya kwa mkono uliozoea, na ukiwauliza wanafanyaje, hukuambia tazama tu. Sheldon alikubali kazi ngumu ya kuyageuza mazoea ya mkono kuwa maneno. Weka mezani habu tupu, rimu tupu yenye matundu 36, na spoki 36. Alizigawa spoki katika makundi manne ya tisa tisa, na kila kundi likawa na zamu yake. Kazi inaanza na spoki moja tu, karibu na tundu la valvu, kwa sababu mahali pa spoki hiyo ndipo panapoamua nyingine zote zitakaa wapi. Ukiipachika vizuri, gurudumu litakapokamilika valvu itaangukia kati ya spoki mbili zinazokwenda sambamba, na kichwa cha pampu kitapata nafasi. Ukikosea tundu moja, spoki zitakutana juu ya valvu, na kila siku ya kujaza upepo vidole vyako vitakukumbusha kosa hilo.

Baada ya spoki ya kwanza unaruka matundu matatu ya rimu, unaweka ya pili, unaruka matatu tena, mpaka tisa zinatimia. Unaligeuza gurudumu, unaweka tisa za upande wa pili. Kisha unaizungusha habu mpaka spoki zote zilale, na ghafla kile kilichokuwa rundo la vyuma kinapata sura. Makundi mawili yaliyobaki yanakwenda kinyume na yale ya kwanza. Kila spoki inakatiza wenzake watatu, wawili wa kwanza inapita nje yao na wa tatu inapita ndani yake, kama ukindu unavyopita juu na chini mkekani. Hapo ndipo kukaza kunapoanza: nusu mzunguko kila spoki, kuzunguka rimu nzima, tena na tena, huku jicho likiangalia kama rimu inacheza kulia na kushoto au inapanda na kushuka. Mwishoni unazishika spoki mbili mbili zilizo sambamba na kuzibana kwa nguvu ya viganja, ili zikae kabisa mahali pake. Baada ya hapo unapima tena.

Kwa nini mkazo uwe mkubwa kiasi hicho? Hapa Sheldon hakujifanya mwanzilishi. Aliwaelekeza wasomaji kwa Jobst Brandt, mhandisi wa California ambaye kitabu chake kuhusu gurudumu la baiskeli kilitoka mwaka 1981. Brandt alionyesha kwamba mzigo ukikaa juu ya baiskeli, zile spoki chache zilizo chini, karibu na ardhi, hupungukiwa mkazo, na zilizobaki hazibadiliki sana. Zikiwa zimekazwa vya kutosha, upungufu huo hauzidhuru. Zikiwa zimelegea, kila mzunguko unazilegeza na kuzivuta, kuzilegeza na kuzivuta, mpaka chuma kinachoka na spoki inakatika shingoni. Ukishalielewa hili, hutamlaumu tena abiria mnene. Utamuuliza aliyelifuma gurudumu.

Hata kwenye hesabu alikuwa na la kufundisha. Gia za baiskeli kwa miaka mingi zilipimwa kwa inchi, urithi wa zile baiskeli za karne ya 19 zenye gurudumu kubwa mbele. Kipimo hicho kinasahau urefu wa kranki. Sheldon akapendekeza kingine: gawanya nusu kipenyo ya gurudumu kwa urefu wa kranki, kisha zidisha kwa uwiano wa meno ya mbele na ya nyuma. Gurudumu lenye nusu kipenyo ya milimita 340 na kranki ya milimita 170 vinakupa 2. Meno 48 mbele na 16 nyuma ni 3. Mbili mara tatu ni sita, yaani mguu ukisafiri sentimita 1, baiskeli inakwenda sentimita 6. Jibu halina inchi wala milimita, ni lilelile kwa Mwingereza na kwa Mhaya.

Waswahili husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu alisifiwa duniani kote na tembo lake halikuonja maji. Miaka yake ya mwisho ugonjwa wa mishipa ya fahamu uliinyang'anya miguu yake nguvu, miguu iliyokuwa imependa kuendesha kuliko yote. Akashindwa baiskeli ya magurudumu mawili, akapanda ya magurudumu matatu. Aliandika kuhusu ugonjwa huo waziwazi, kwa lugha ileile aliyoandikia gololi na minyororo, na hakuacha kujibu maswali ya watu.

Habari ya kifo chake ilipotoka, waliomlilia walikuwa wengi na wengi wao hawakuwahi kumwona. Walikuwa watu waliokwama usiku wakiwa na spana mkononi na gurudumu limefunguliwa, wakasoma maneno yake, na asubuhi wakaenda kazini kwa baiskeli. Si msiba wa kawaida huo, kumlilia mtu kwa sababu breki zako zinashika. Lakini nadhani kila aliyewahi kufundishwa kazi na mtu asiyemficha kitu anaujua uzito wake. Mkewe, Harriet Fell, mwalimu wa chuo kikuu na mwendesha baiskeli wa masafa marefu, alishirikiana na John Allen, mwandishi mwenzake, kuyatunza maandishi hayo, na mpaka leo yanasomeka bure. Duka la Harris Cyclery lilifungwa mwaka 2021. Jedwali la tairi halikufungwa.

Kwetu, elimu ya baiskeli bado ipo chini ya miti na kwenye vibaraza, vidoleni mwa mafundi wanaoweza kusikia gololi iliyokufa kwa kuzungusha gurudumu mara moja. Wengi wao wakiondoka, wanaondoka nayo, na kijana anayebaki na kisanduku cha spana anaanza upya kuvunja vitu vya watu. Hawakunyima. Hakuna aliyewauliza. Kwa hiyo msomaji, siku utakapopeleka baiskeli yako, usimwachie fundi ukaenda zako. Vuta kigoda, muulize kwa nini anaanzia hapo na si pale, kwa nini anakaza hii kabla ya ile, na uandike anachosema kwa maneno yake. Kisha mwonyeshe mwenzako. Na juu ya karatasi hiyo, kama Sheldon alivyomtaja Brandt, andika jina la fundi aliyekufundisha.