Daftari la Hitilafu na Jicho la Kulipima

Kuna hitilafu isiyo ngeni kwa mafundi wa programu wa Nairobi na Dar es Salaam: malipo yaliyofanyika saa saba usiku yanajitokeza kwenye ripoti ya jana. Fundi huitafuta, huipata, kisha hufungua daftari lake kuandika alichojifunza. Hapo ndipo madaftari yanapoachana. Mmoja huandika, “Tatizo la tarehe kwenye ripoti. Limerekebishwa.” Mwingine huandika hivi:

“Malipo ya saa 7:10 usiku, tarehe 4, yameingia ripoti ya tarehe 3. Nilidhani mhasibu amechagua tarehe vibaya. Sivyo. Nimejaribu malipo ya saa 8:55 usiku, yameenda jana. Ya saa 9:05 usiku, yamebaki leo. Kwa hiyo mpaka ni saa 9 kamili. Seva inatunza saa za UTC, sisi tuko mbele kwa saa tatu, na ripoti inaikata siku kwa saa za seva. Sasa inaikata kwa saa za hapa, na majaribio yote mawili yako leo. Nikirudisha msimbo wa zamani, kosa linarudi. Somo: kila inapokatwa siku, uliza kwanza inakatwa kwa saa za wapi.”

Anayetaka kujua daftari zuri aanze kuangalia sentensi ya pili ya andiko hilo, ile ya mhasibu. Dhana potofu imebaki pale pale, haikufutwa baada ya ukweli kupatikana. Hiyo ndiyo alama ya kwanza ya ubora, na ndiyo adimu kuliko zote, kwa sababu mtu akishajua jibu hutamani kujionyesha kana kwamba alilijua tangu mwanzo. Lakini somo lote limo katika umbali kati ya alichodhani na alichokuta. Fundi aliyeandika mara kadhaa kwamba alimshuku mtumiaji kabla ya kukagua saa za seva ataiona tabia yake mwenyewe akipitia kurasa za nyuma. Daftari lenye majibu sahihi matupu haliwezi kumwonyesha hilo.

Alama ya pili ni ushahidi. Majaribio mawili, moja upande huu wa saa 9 na jingine upande ule, yanambana mkosaji hadi dakika kumi. Kisha fundi akarudisha msimbo wa zamani aone kama kosa litarudi. Wengi huiacha hatua hii, nao hubaki na marekebisho ambayo huenda yalisadifiana tu na kutoweka kwa tatizo. Penye neno “limerekebishwa” pasipo maelezo ya jinsi lilivyothibitishwa, msomaji ana haki ya kutoamini.

Mahali na wakati navyo vinahesabiwa. Tarehe 9 Septemba 1947, wahudumu wa kompyuta ya Harvard Mark II nchini Marekani walimkuta nondo amenasa ndani ya mashine. Walimbandika kwa utepe kwenye ukurasa wa daftari la kazi, wakaandika saa, 9:45 alasiri, pamoja na rilei aliyokutwa: namba 70, paneli F. Ukurasa huo sasa umo katika makumbusho ya Smithsonian. Watu humkumbuka mdudu. Mjuzi wa madaftari huipenda zaidi ile namba 70. Aliyeandika alikuwa bado amesimama mbele ya mashine. Maandishi ya kukusanywa Ijumaa jioni, wiki nzima kwa mkupuo, hayawi hivyo. Namba hupotea na badala yake huingia “sehemu fulani ya mfumo”.

Daftari maarufu kuliko yote katika fani hii ni la Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford. Alianza kubuni TeX, programu ya kupanga chapa za vitabu, mwaka 1977, na tangu 1978 aliandika kila kosa alilolirekebisha. Mwaka 1989 akalichapisha daftari hilo hadharani, makosa zaidi ya 800, na kila kosa limepewa herufi ya kundi lake: T kwa makosa madogo ya uchapaji, F kwa jambo lililosahauliwa, S kwa hali ambayo hakuitazamia, na kadhalika hadi makundi 15. Thamani ya herufi hizo ni kubwa. Kosa la chapa na kosa la kutotazamia hali fulani huweza kuzimisha programu kwa namna ileile, ilhali dawa zake ni mbalimbali: la kwanza linataka jicho, la pili linataka kufikiri upya. Heshima ya daftari lile imetokana na huko kuyaita makosa yake kwa majina, tena mbele ya watu.

Kuhusu kina cha chanzo, kipimo kizuri ni ripoti ya roketi ya Ariane 5, iliyolipuka tarehe 4 Juni 1996 sekunde chini ya 45 baada ya kuruka. Daftari vivu lingesema namba ilizidi nafasi yake, maana programu ilijaribu kuitia namba kubwa ndani ya biti 16, ambazo mwisho wake ni 32,767. Wachunguzi hawakuishia hapo. Walionyesha kwamba sehemu hiyo ilirithiwa kutoka Ariane 4, ambayo mwendo wake haukufikia ukubwa huo, na kwamba baada ya roketi kuruka kazi yake haikuhitajika tena. Andiko linalostahili sifa hushuka angalau ngazi moja chini ya msimbo, hadi kwenye uamuzi ulioruhusu kosa kuingia.

Sentensi ya somo yenyewe ina mitego miwili. “Kuwa makini” ni pana mno, haimsaidii mtu yeyote. “Badilisha mstari wa 212” ni finyu mno, haitatumika tena. Somo zuri linataja hali inayoweza kujirudia pengine na swali la kuuliza ikijirudia. Nywila na namba za simu za wateja hazina nafasi humo. Daftari lenye vitu hivyo ni hatari hata likiandikwa vizuri namna gani.

Kama unalo lako, chagua andiko la miezi sita iliyopita, umpe mwenzako ambaye hakuwepo. Akiweza kuizalisha upya hitilafu ile bila kukuuliza swali, endelea kuandika hivyo hivyo. Akikuuliza, mjibu, kisha liandike jibu hilo kwenye ukurasa huohuo kwa tarehe ya leo.