Parseli ya mita 30 na namba ya kuizidisha

Katika programu ya kuchorea kama AutoCAD, kubadili ukubwa wa kitu ni kuzidisha. Umbali wa kila nukta ya kitu hicho kutoka nukta moja iliyochaguliwa huzidishwa kwa namba ileile: kwa 2 kinakuwa maradufu, kwa 0.5 kinabaki nusu. Nukta hiyo ya msingi ndiyo pekee isiyosogea. Ikichaguliwa ovyo, mchoro unapata ukubwa sahihi lakini unahama mahali pake, wakati mwingine nje ya skrini kabisa. Katika toleo la Kifaransa, lugha ya ofisi za mji wa Kisangani, Kongo, amri yenyewe ni ECHELLE. Jina la Kiingereza likitanguliwa na mstari wa chini, _SCALE, hukubaliwa na toleo la lugha yoyote.

Kazi inayoipa amri hii mtihani mkubwa ni kuingiza plani za karatasi. Makiso, katikati ya mji, ilianza kupangwa mji ukiitwa bado Stanleyville, jina lililofutwa mwaka 1966, na plani ya karatasi ikishapigwa skani huingia kwenye programu kama picha tu, isiyojua mita ni nini. Mfano ni parseli ya mita 20 kwa 30 iliyochorwa kwa skeli ya 1:500. Upande wake wa mita 30, ukipimwa kwenye picha iliyokwisha kuingizwa, unasoma 4.127. Fundi mwenye haraka atagawa 30 kwa 4.127, apate 7.2692 na mkia wake, kisha aandike 7.27. Ndani ya parseli kosa ni milimita 3 na halimdhuru mtu. Katika mtaa wa mita 600 linafika karibu sentimita 7.

Njia safi ni kuiachia kompyuta hesabu hiyo. Baada ya kuita ECHELLE na kubonyeza nukta ya msingi, huandikwa R, yaani rejea. Hubonyezwa ncha mbili za upande unaojulikana, kisha huandikwa urefu wake wa kweli, 30. Programu inagawa yenyewe kwa tarakimu zake zote. Nukta ya msingi inayofaa ni kona yenye jiwe la mpaka ambalo bado lipo ardhini.

Usahihi wa kompyuta, hata hivyo, hauzidi ule wa wino. Mstari wenye unene wa milimita 0.2 katika plani ya 1:500 unafunika sentimita 10 za ardhi. Atakayebonyeza ukingo mmoja wa mstari badala ya mwingine amekosea sentimita 10 kabla hajaanza. Akiwa amerejea upande wa mita 30, kosa hilo ni sehemu moja katika 300, na likisambazwa katika mita 300 za mtaa linakuwa mita nzima: ukuta wa jirani umeshaingiliwa. Akirejea umbali wa mita 300, sentimita 10 zinabaki sentimita 10. Ndiyo maana rejea huchukuliwa kwenye umbali mrefu kuliko wote unaojulikana, wala si kwenye parseli inayoshughulikiwa, hata kama tepu imeshapita hapo asubuhi hiyo.

Halafu kuna unyevu. Kisangani iko chini ya digrii moja kaskazini ya ikweta, kando ya Mto Kongo, na karatasi iliyokaa huko miaka mingi haikutanuka sawa pande zote: hutanuka zaidi kwa kukingama nyuzi zake kuliko kwa kuzifuata. Baada ya upande wa mita 30 kukaa sawa, ule wa mita 20 unaweza kusoma 19.88. Hapo ECHELLE imefika mwisho wake, kwa kuwa inazidisha pande zote kwa namba moja. Picha hufungwa ndani ya bloku, na bloku hupewa namba mbili, moja ya mlalo na nyingine ya wima; katika mfano huu ya pili ni karibu 1.006. Kisha hupimwa mshazari. Mstatili wa 20 kwa 30 una mshazari wa mita 36.06, na pande zikikubali huku mishazari miwili ikitofautiana, picha imepinda, au parseli yenyewe si mstatili. Plani iliyopigwa picha kwa simu mara nyingi hupinda hivyo, na hakuna kuzidisha kutakakoinyoosha. Inahitaji programu kama QGIS, inayofunga picha kwenye nukta kadhaa zinazojulikana.

Eneo hukua kwa mraba wa namba. Kosa la asilimia 1 katika urefu linaifanya parseli ya mita za mraba 600 isomeke 612, yaani ari 6 na sentiari 12, tofauti ya kutosha kuzua kesi.

Si kila kinachohitaji kukua kinastahili ECHELLE. Chumba cha mita 4 kinachotakiwa kuwa na mita 4.40 kikizidishwa kwa 1.1, ukuta wa sentimita 20 unanenepa hadi 22 na mlango wa 90 unakuwa 99. Kazi hiyo ni ya ETIRER, inayovuta upande mmoja na kuacha unene ulivyo. Kosa kubwa zaidi kuliko yote ni rahisi kuliona: mlango uliochorwa kwa milimita, ukitiwa katika mchoro wa mita bila vipimo vya kuingizia kupangwa, unatokea na upana wa mita 900.

Skeli ya karatasi ni jambo jingine kabisa. Jengo huchorwa kwa ukubwa wake halisi, na 1:100 hupangwa kwenye dirisha la ukurasa wa kuchapia. Anayepunguza jengo lenyewe ili litoshee karatasi ya A3 ameharibu vipimo vyake vyote.

Na programu haisogezi mpaka. Chini ya sheria ya ardhi ya Kongo ya tarehe 20 Julai 1973, haki ya kutumia ardhi huthibitishwa kwa cheti cha usajili, na mipaka husimikwa mawe ardhini. Mchoro usiopatana na mawe hayo hurudiwa.