Sauti 400 na kidole kimoja

"Kaka, hivi ni vilevile, tofauti ni bei tu," alisema muuzaji, akaviweka juu ya kaunta yake pale Kariakoo vinanda viwili vya Casio: CT-S200 na CT-S300. Mpwa wangu, aliyeahidiwa kinanda akifaulu kidato cha pili, alianza kusoma maboksi kama anayesahihisha mtihani wa mwenzake. Vibonyezo 61 huku, 61 kule. Sauti 400 kwa 400. Midundo 77 kwa 77. Uzito wa kilo 3.3 kila kimoja. "Mjomba, si tuchukue cha bei ndogo?" Kwa hesabu za boksi, alikuwa na haki.

Nikaomba vyote viwili viwashwe, viwekwe kwenye sauti ya piano. Nikamwambia agonge kibonyezo kimoja polepole, kama anayemgusa mtoto aliyelala, kisha akigonge kwa nguvu. CT-S300 kilinong'ona, halafu kikapaza sauti. CT-S200 kilijibu vilevile mara zote mbili. Akarudia. Akanitazama. Muuzaji akajifanya anapanga nyaya.

Vinanda hivi ni ndugu wa tumbo moja, vimeingia sokoni mwaka 2019. Casio walipotaka kimoja kiwe nafuu zaidi, hawakupunguza idadi ya sauti. Waliondoa uwezo wa kuhisi mguso wa kidole, pamoja na kigurudumu cha kupindisha sauti kilicho upande wa kushoto. Kwa biashara ni uamuzi wa akili: namba 400 inaonekana hata boksi likiwa juu ya rafu, ila mguso hauonekani mpaka mtu aguse.

Kinanda cha umeme kinajuaje kwamba umegonga kwa nguvu? Hakina kipimo cha uzito ndani. Kwa kawaida chini ya kila kibonyezo kuna mpira laini wenye vidoa viwili vyeusi vya kaboni, kimoja kimetangulia kidogo kuliko kingine. Ukibonyeza, kidoa cha kwanza kinagusa bodi ya umeme, kisha cha pili. Prosesa inahesabu muda uliopita kati ya miguso hiyo miwili. Muda mfupi maana yake kidole kimekuja kwa kasi, kwa hiyo sauti iwe kubwa. Muda mrefu, sauti iwe ndogo. Jibu linageuzwa kuwa namba kati ya 1 na 127, kipimo cha MIDI, lugha ambayo vinanda na kompyuta vimekuwa vikizungumza tangu mwaka 1983. Kinanda kisichohisi mguso kinahitaji kujua jambo moja tu: kibonyezo kimeshuka au hakijashuka. Ni swichi ya taa.

Piano yenyewe ilizaliwa kwa sababu ya mguso. Mwitaliano Bartolomeo Cristofori, miaka ya 1700 ilipokuwa inaanza, alitengeneza ala iliyoitwa ya "piano e forte", yaani ya taratibu na ya nguvu. Anayejifunzia piano kwenye kinanda kisichojua taratibu na nguvu anajizoeza kidole kizito, na siku akikaa mbele ya piano halisi itabidi aanze upya.

Lakini tuseme haki. Kiswahili kinaita kinanda vyombo vingi, na si vyote vinavyotaka mguso. Ogani ya kanisani hufanya kazi kwa upepo: mlango wa bomba umefunguka au umefungwa, hata upige kibonyezo kwa ngumi. Ndiyo maana hata kwenye kinanda kizuri, sauti ya ogani mara nyingi haibadiliki kwa mguso. Dukani usijaribie ogani, utadhani kinanda ni kibovu. Na kama nyumbani mtu atapiga nyimbo za ibada kwa sauti ya ogani tu, cha bei ndogo kinamtosha. Asinunue mguso asioutumia.

Jambo la pili la kutazama, baada ya mguso, huandikwa kwa herufi ndogo: sauti ngapi zinaweza kulia kwa pamoja. Yamaha PSR-E273 ina 32, ndugu yake PSR-E373 ina 48. Vidole ni kumi tu, 48 za nini? Kanyaga pedali, upige vibonyezo vinne kwa pamoja mara nane, kila mara vipya, bila kuiachia. Hapo tayari ni 32. Washa na mdundo, ngoma na besi nazo zidai nafasi zao, na zile ulizozipiga mwanzo zinaanza kukatwa kabla hazijaisha. Anayeanza hatalisikia hilo mwaka wa kwanza. Anayependa pedali atalisikia mapema.

Vibonyezo 61 ni oktavu tano. Piano ina 88. Wimbo wa kwaya wa sauti nne, toka besi ya chini hadi soprano ya juu, kwa kawaida unaenea ndani ya oktavu tano bila shida. Anayelenga piano ya vitabu ndiye atakayebanwa. Huyo atazame kitu kama Yamaha P-45: vibonyezo 88 vyenye uzito wa nyundo, kilo 11.5, na haitumii betri. Bei yake inaipita ya CT-S300 kwa mbali, lakini sauti zilizomo ndani ni 10. Fedha yote imekwenda chini ya kidole.

Ukinunua kilichotumika, piga kibonyezo kimojakimoja toka kushoto hadi kulia kwa nguvu ileile. Kimoja kikilipuka ghafla kuliko majirani zake, au kikikaa kimya, vile vidoa vya kaboni vimeshika uchafu au vimelika. Uchafu unasafishika, kulika ni kubadilisha mpira. Kisha uliza adapta. Plagi kuingia si ushahidi kwamba inafaa: CT-S300 kinataka volti 9.5, PSR-E373 volti 12, na kile kimchoro cha duara chenye alama za kujumlisha na kutoa lazima kifanane na cha kwenye kinanda. Vyote viwili vinakubali pia betri sita ndogo za AA, jambo la maana kwa nyumba ambayo umeme wa LUKU huisha katikati ya mazoezi.

Tulitoka na CT-S300. Tofauti ya bei niliifidia kwa kukataa stendi. Meza ya jikoni ilikuwapo. Wiki tatu baadaye nilipita kwa dada yangu usiku, nikakuta kinanda kinalia kwa chini sana, chumba cha pili baba mtu amelala. Nikamuuliza mpwa wangu katika zile 400 ameshatumia ngapi.

"Mbili, Mjomba. Piano, na ogani Jumapili."