Mpagazi aliitwa nani?

Nimepitia kitabu cha Filippo De Filippi, *Ruwenzori* (1908), kuhusu mwanamfalme Luigi Amedeo wa Italia kupanda milima hii ya hapa Kasese mwaka 1906. Picha za Vittorio Sella, jamani, ukitazama ile barafu unasikia baridi. Sifa hiyo nampa.

Ila kilele cha mita 5,109 kiliitwa Margherita, jirani yake Alexandra: malkia wa Ulaya. Bakonzo walibeba mizigo. Mpagazi gani alipewa kilele?

Mimi nilivuka Mpondwe na godoro kichwani, nikalala Bwera. Nikapigwa picha, jina hawakuuliza. Kwa hiyo kisomeni, ni kizuri. Na nyie wa mashirika, kabla ya kamera, ulizeni jina.